Dira Tuliyoipigia Kura

Ndege yetu iliruka kutoka Handeni kwenda Tanga ikiwa na mama aliyekuwa katika siku ya pili ya uchungu wa kujifungua, ikaenda kutua kusini kando ya mto Wami, mahali pasipo na hospitali wala barabara, ila reli na nyasi. Injini ilikuwa nzima. Rubani alikuwa na akili zake timamu na hakuwa mlevi. Kilichokosekana ni dira, chombo cha ukubwa wa kikombe cha chai, na kilikosekana kihalali kabisa: tulikuwa tumeitisha mkutano, tukapiga kura, na muhtasari ukachapwa kwa nakala tatu.

Nimestaafu mwezi uliopita. Vijana niliowaachia karakana wameniomba niwaandikie niliyoyaona kazini, na nadhani wanatarajia habari za vyeo na picha za kupeana mikono. Vyeo vyangu vilikuwa vichache na havifundishi kitu. Nitaandika juu ya orodha iliyokuwa imepakwa rangi mlangoni mwa banda letu la ndege pale Korogwe, kwa sababu siku ya kuagwa nilimsikia mmoja wenu akiiita "yale mashairi ya wazee".

Mimi ni Mzigua wa Handeni. Baba alilima mahindi na pamba, na mwaka uliofuata Uhuru mvua ilipokataa nilikwenda Korogwe kutafuta kazi ya mkonge kama wenzangu wote. Nilipewa kazi ya kupaka grisi kwenye korona, ile mashine ya kusaga majani ya mkonge, ambayo kelele zake ziliwafanya watu wazungumze kwa mikono hata wakiwa nyumbani. Mwenye shamba, Mzungu mmoja mnene, alikuwa na ndege ndogo ya injini moja na viti vinne. Siku moja fundi wake alikuja korona kuomba mtu wa kumsaidia kusukuma ndege itoke bandani. Nikaenda. Kabla sijaigusa nilifuta grisi mikononi kwa kitambaa. Yule fundi aliniangalia akaniuliza, "Nani amekufundisha hivyo?" Nikajibu hakuna. "Basi usirudi korona," akasema.

Huyo ndiye Mzee Kaniki, Mshambaa wa Kwashemshi, mtu mfupi aliyejifunza ufundi katika karakana za jeshi wakati wa vita ya Wazungu, na ambaye koti lake la kazi lilikuwa safi kuliko shati langu la sikukuu. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku ya kwanza alinisimamisha mbele ya mlango wa banda, akaniambia nisome kwa sauti yaliyoandikwa kwa rangi nyekundu upande wa ndani.

Yalikuwa majina ya vitu ambavyo ndege ndogo kama ile, ikiruka mchana na rubani akiona nje kwa macho yake, hairuhusiwi kuruka bila kuwa navyo na bila kuwa vizima. Mzee alikuwa ameyatafsiri mwenyewe kutoka karatasi ya serikali. Kipima mwendo, kwa sababu angani hakuna miti ya kukuonyesha kwamba unakwenda polepole, na ndege ikipungua mwendo kupita kiasi si ndege tena, ni bati lenye watu ndani. Kipima kimo. Dira. Kipima mizunguko ya injini. Shinikizo la oili na joto la oili, kila kimoja na saa yake. Kipima mafuta, na hapa Mzee alikuwa ameongeza kwa herufi kubwa: KILA TANKI. Mwisho mikanda, mmoja kwa kila mtu aliyeketi. Havikuzidi hivyo. Hata redio haikuwemo. Nikauliza mbona orodha ni fupi.

"Imefupishwa makusudi," alisema. "Waliokaa kuiandika walitoa kila kitu kinachoweza kutolewa. Hiki unachokiona ndicho kilichobaki walipoogopa kutoa kingine."

Na alikuwa na desturi ambayo sijaiona kwa fundi mwingine yeyote, hata hao waliosoma ng'ambo. Kila asubuhi aliviitia roli vyombo vyake, jina kwa jina, kama mnyapara anavyoita vibarua wa mkonge. Yeye alisimama nje na daftari, mimi niliketi kwenye kiti cha rubani na kukigusa kila chombo kwa kidole.

"Kipima kimo?"

"Yupo."

"Dira?"

"Yupo."

"Oili, joto?"

Siku moja nilijibu "Yupo" bila kugusa. Alifunga daftari, akaniamuru nishuke, akaanza upya tangu jina la kwanza, mara tatu mfululizo, huku Mzungu akisubiri juani na begi lake. "Hawa ni waajiriwa," Mzee aliniambia. "Akikosa mmoja, hakuna kazi. Usimjibie mwenzako roli." Nilicheka siku ile. Kwenye mkonge kumjibia mwenzako roli ilikuwa ndiyo adabu ya kwanza tuliyofundishana.

Msidhani Mzungu alikuwa bora kuliko waliomfuata. Ndege aliitumia zaidi kwenda Tanga kucheza karata. Kuna asubuhi saa ya joto la oili ilikufa, na Mzee akamwambia kwa Kiingereza chake cha jeshi kwamba leo hatuendi. Mzungu alitukana kwa lugha mbili, akapiga teke gurudumu, akasema ndege ni yake na injini ni yake. Mzee aliketi juu ya pipa, akatoa kiko. Mzungu akaondoka kwa gari, vumbi hadi barabara ya Mombo. "Matusi hayajawahi kuangusha ndege," Mzee alisema, akaendelea kufungua saa. Katika miaka yangu yote ya kazi hilo ndilo somo fupi kuliko yote, na ndilo nililolifeli.

Kisha likaja Azimio. Mwenye shamba aliondoka na mbwa wake na kuacha ndege. Ilikabidhiwa ofisi moja ambayo sitaitaja, kwa kuwa wengi wa waliokuwamo wamekufa na jengo lenyewe sasa ni ghala la mbolea. Mzee Kaniki alirudi Kwashemshi kulima maharage. Mimi nikawa fundi mkuu, maana hapakuwa na fundi mwingine.

Tukaletewa meneja, Ndugu Lukindo. Alikuwa mtu wa kauli nzuri na kaunda suti iliyonyooka, na alijua kuhusu ndege kiasi anachojua mtu aliyewahi kuona moja ikipita. Siku ya kwanza alizunguka ndege yetu mara mbili, akagonga bawa kwa kidole kama anayenunua sufuria. Amri yake ya kwanza ilikuwa viti vivishwe vitambaa. Ya pili, ubavuni yaandikwe maneno MAENDELEO YA VIJIJI, kwa herufi zinazosomeka kutoka chini. Nilimwambia rangi ina uzito. Akaniuliza kama napinga maendeleo. Ya tatu ilikuwa redio kubwa ya kupokea na kupeleka sauti, ili akiwa angani aijulishe ofisi kwamba anafika na chai iandaliwe. Redio ilipatikana ndani ya wiki mbili. Ninawaomba mkumbuke hilo: redio, isiyokuwamo kwenye orodha, ilipatikana ndani ya wiki mbili.

Dira ilianza kuvuja mwaka ule ambao vijiji vipya vilikuwa vinapangwa Handeni. Dira ya ndege ndogo ni kadi ya duara inayoelea ndani ya maji ya aina ya spiriti, na maji yakipungua kadi inagoma, inabaki inaelekea upande mmoja hata ndege ikigeuka. Viwanja vyetu vya Handeni vilikuwa vichuguu vilivyokatwa kwa jembe, kila kutua ni kama kushuka ngazi kwa makalio, na mpira wa kuzuia uvujaji ulichoka. Niliifungua, nikaifunga kwa sufi ndani ya sanduku la mbao, nikaipeleka Dar es Salaam. Wakajibu kwamba mpira umeagizwa. Nikasubiri mwezi. Nikaandika. Wakajibu tena kwamba mpira umeagizwa, kwa maneno yale yale, nadhani kwa karatasi ile ile.

Hapo Ndugu Lukindo akaitisha mkutano. Zilikuwa enzi ambazo wafanyakazi walikuwa wameambiwa, na ni kweli waliambiwa vizuri, kwamba kazi ni yao na bosi hana ruhusa ya kuwaburuza. Mkutano huo huo wa wafanyakazi ulikuwa umemwondoa mnyapara mmoja aliyezoea kupiga watu, na mimi nilipiga kura hiyo kwa mikono miwili. Lakini tulikuwa tumeonja dawa, tukaanza kuitumia hata kwa asiye mgonjwa. Tulipigia kura saa ya chai. Tulipigia kura rangi ya geti. Sasa tulikuwa tunakwenda kupigia kura upande wa kaskazini.

"Ndugu wajumbe," Lukindo alifungua, "fundi wetu anasema ndege ya wananchi ilale bandani kwa sababu ya saa moja iliyoharibika."

"Si saa, Ndugu Meneja. Ni dira."

"Ina mshale?"

"Haina. Ina kadi inayoelea."

"Basi ni saa isiyo na mshale."

Wakacheka. Nikasoma orodha yote kwa sauti. Karani wa stoo akauliza orodha hiyo iliandikwa lini. Nikasema kabla ya Uhuru, ila serikali yetu imeiendeleza vilevile. Akageuka kwa wajumbe na mikono wazi. "Kabla ya Uhuru," akarudia, kama hakimu aliyepata panga lenye damu.

Ndipo Lukindo akamsimamisha rubani. Elia alikuwa kijana mpole, hodari wa kutua, aliyerudi kutoka masomoni mwaka mmoja nyuma. "Rubani, sisi hatushiki usukani. Wewe sema. Kutoka hapa hadi Tanga ipo reli au haipo?"

"Ipo."

"Unaiona kutoka juu?"

"Naiona."

"Unaweza kuifuata au huwezi?"

Kila mtu alikuwa anamtazama: madereva, makarani, wachapaji. Mtu mzima amesomeshwa kwa kodi za watu, aulizwe mbele yao kama anaweza kufuata reli ambayo hata mbuzi anaifuata. "Naweza," akasema.

Mmoja tu aliuliza swali la maana siku ile, naye alikuwa mpishi wa kantini. Mama Saumu aliinua mkono akiwa bado na kijiko. "Reli ipi?"

"Reli, mama. Ya Tanga."

"Mume wangu yuko genge la reli pale Mnyusi. Pale zinaachana. Moja ya Tanga, moja hii mpya inakwenda Ruvu. Ndiyo nauliza, ipi?"

"Mama Saumu," karani wa stoo akamjibu, "ndege haikati tiketi."

Kicheko kilikuwa kirefu. Kura zikapigwa, tisa kwa mbili. Wawili hao ni mimi na Mama Saumu. Nimeusoma muhtasari wa siku ile mara nyingi kuliko nilivyosoma barua za watoto wangu. Swali lake halimo.

Sasa niandike langu, msije mkadhani nilitoka pale na mikono safi. Kila asubuhi kulikuwa na kitabu cha ndege, na mstari wa mwisho ulisema ndege imekamilika kwa safari, chini yake sahihi ya fundi. Nikachukua kalamu. Mzee Kaniki angeivunja. Mimi niliandika "imekamilika, isipokuwa dira", nikatia sahihi. Nilijiona mwerevu: nimesema kweli na bado nina kazi. Kukamilika isipokuwa kitu fulani ni kutokukamilika, hata mtoto wa darasa la kwanza anajua.

Nje nilimwambia Elia, "Ulisema unaweza kwa sababu walikuwa wanakutazama."

"Na wewe, fundi, ulitia sahihi nani akikutazama?"

Nikarudi bandani.

Kwa wiki kadhaa mambo yalikwenda vizuri, na hiyo ndiyo hatari ya kupunguza orodha: haikuadhibu siku ile ile. Elia alikwenda Tanga akarudi, akifuata reli juu ya mkonge, jua likiwa wazi. Handeni alifuata barabara. Makarani walinibandika jina la Fundi Kaskazini. Nikipita kantini mtu anauliza, "Fundi, mlango uko upande gani leo?" Nilianza hata mimi kuona pengine Mzee Kaniki alikuwa mtu wa enzi zake.

Masika yalipoanza, Lukindo alitaka kwenda Handeni kukagua vijiji vipya, na mimi nikaambiwa niandamane kwa sababu gurudumu la mbele lilikuwa linatetemeka. Tulitua asubuhi, mawingu yakiwa yamefunika mbingu yote kama sahani. Kabla ya saa sita ikaja gari ya zahanati hadi ukingoni mwa kiwanja, imepakwa tope mpaka vioo. Akashuka mkunga, Bi Tatu, mwanamke mkubwa ambaye hakusalimia mtu, na kwa Handeni hiyo tu ilitosha kutuambia kuna jambo.

"Nani mwenye ndege hii?"

"Ya wananchi," Lukindo alijibu.

"Basi mwananchi wake yuko garini. Mtoto amekingama tumboni, hashuki. Siku ya pili hii. Mimi sina chumba cha kupasua wala damu ya kumwongezea. Barabara ya Korogwe imekatwa na maji tangu jana."

"Akipumzika mpaka kesho..."

"Kesho utanikuta nawaosha wawili. Tanga wanampasua anapona. Si leo, ndugu yangu. Sasa hivi."

Lukindo alinigeukia. Katika miaka yote niliyofanya naye kazi hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho kuniuliza kabla ya kuamua. "Fundi, unasemaje?"

Orodha ya Mzee Kaniki ilisema ndege hairuki. Haikuwa na mstari juu ya mama aliyelala garini akiuma kona ya khanga. Nilisema aende. Ningesema hivyo hivyo leo, na ndiyo maana siwezi kuwasamehe wale tisa: walikuwa wamenifikisha mahali ambapo kufuata sheria ni kuua mtu na kuivunja ni kumcheza pata potea. Nami sijisamehei wino wangu. Ndege ambayo ningeikatalia Korogwe ingekuwa imelala bandani, Dar es Salaam wangesumbuliwa kila siku mpaka wachoke, na pengine dira ingekuwa imerudi.

Tulitoa kiti kimoja, tukamlaza kwenye godoro la zahanati. Mama yake mzazi, bibi mwembamba aliyefunga kaniki, aliketi nyuma akamwekea kichwa mapajani. Bi Tatu hakwenda. Alikuwa peke yake zahanati na kulikuwa na wengine wawili wanasubiri. Nilimfunga yule mama mkanda juu ya tumbo, chini ya kifua, polepole. Aliitwa Mwanaidi. Alinishika kiganja.

"Kaka, ni mbali?"

"Si mbali, dada. Nusu saa, ukizidisha sana."

Nilimwambia Elia afuate barabara hadi Korogwe kisha ashike reli. Akanionyesha upande wa Korogwe: wingu lilikuwa limeshuka mpaka chini, milima yote imemezwa. "Nanyoosha moja kwa moja," alisema. "Nikikutana na reli, nageuka kulia, naingia Tanga." Tukafunua ramani. Ilikuwa ya yule Mzungu, nzuri, ya kitambaa, iliyochapwa kabla reli ya Ruvu haijajengwa. Ilionyesha reli moja tu, ukitoka Handeni ukaikuta, kulia kwako ni bahari.

"Ukikuta reli, kulia," nikasema.

"Kulia," akasema.

Wanaume wawili wazima, mmoja wetu mzaliwa wa wilaya hiyo, wote tulioipanda treni ile ya Ruvu kwenda Dar es Salaam, tukakubaliana na karatasi. Mama Saumu asingekubali. Alikuwa Korogwe anapika maharage.

Iliruka saa sita na robo. Mimi na Lukindo tulibaki, tukaenda ofisi ya wilaya, naye akapiga simu Tanga, na kwa haki yake alipiga simu hiyo kwa ukali uliosaidia: gari la wagonjwa lilipelekwa kiwanjani likasubiri. Saa saba simu ikaja kuuliza ndege iko wapi. Saa saba na nusu ikaja tena. Lukindo alikuwa amekaa juu ya sanduku langu la spana bila kujali suti. Habari zilipopatikana zilipitia simu ya reli, stesheni hadi stesheni, ndipo zikaletwa kwetu: ndege imetua kando ya reli, karibu na Wami.

Elia alinisimulia mwenyewe baadaye. Alikuta reli baada ya dakika ishirini, akafurahi, akageuka kulia. Bila jua na bila dira, kusini inafanana na mashariki. Alisubiri mkonge, hakuuona. Alisubiri bahari. Aliona nyika, kisha nyika. Bibi nyuma alikuwa anasoma dua na binti yake alikuwa amenyamaza, na huo ukimya, alisema, ndio uliomfanya asigeuke mapema, kwa sababu aliona kila dakika ya kusita ni ya kumwibia yule mama. Alipiga redio. Ile redio kubwa ya chai. Ofisini Korogwe hapakuwa na mtu wa kuipokea, walikuwa mkutanoni. Alipoona mto mkubwa umefurika na daraja la reli juu yake, akaujua, kwa sababu alikuwa ameuvuka kwa treni akienda masomoni. Mafuta hayakutosha kurudi hadi Tanga, na wingu nyuma yake lilikuwa limegusa ardhi. Akatafuta nyasi zilizonyooka, akatua. Gurudumu la mbele likakatika, propela ikapinda. Waliokuwa ndani hawakuumia. Mwanaidi alikuwa hai, na aliomba maji ya kunywa.

Treni ya mizigo ilikuwa imesimama stesheni ndogo iliyo jirani, inaelekea Ruvu. Wafanyakazi wa reli walimbeba Mwanaidi kwa godoro lake, wakampandisha kwenye behewa la gadi, msimamizi wa treni, pamoja na mama yake. Wazo lilikuwa wafike Ruvu, na kutoka huko wapate hospitali ya kwanza itakayopatikana. Elia alitaka kwenda nao. Redio, ambayo sasa ilikuwa imepata mtu, ilimwamuru abaki alinde mali ya umma.

Uchunguzi ulifanyika, na niliitwa mara mbili. Ripoti ina kurasa nyingi juu ya propela. Imeeleza gurudumu, imeeleza bawa lililokwaruzwa, imetaja hata kitambaa cha kiti kilichochanika. Kwenye nafasi ya abiria imeandikwa "hapana". Nilimuuliza aliyeiandika, mtu mwenye miwani mizito na mwandiko mzuri, mbona hivyo. Alinieleza kwa subira, kama anayemfundisha mzee kupiga simu: ndege isiyo na dira hairuhusiwi kubeba abiria, kwa hiyo tukiandika abiria, tutakuwa tumekiri kwamba sheria ilivunjwa, na fundi aliyetia sahihi atakuwa wa kwanza kuulizwa.

"Ni wewe, si ndiyo?" akaniuliza.

Nikachukua kofia yangu, nikatoka. Ripoti ikapita. Mpira wa dira uliwasili Korogwe miezi minne baadaye, ndani ya bahasha.

Nilipopata likizo nilikwenda Ruvu. Gadi wa treni ile alikuwa amehamishwa, na hakuna aliyejua ni wapi. Nilizunguka hospitali nilizoweza, wakanifunulia vitabu, na akina Mwanaidi walikuwa wengi, hakuna mmoja aliyetoka Handeni siku zile. Nilirudi Handeni kwa Bi Tatu. Alisema kijiji alichotoka yule mama kilikuwa kimekwisha kuhamishwa wakati wa kupanga vijiji, watu wakagawanywa sehemu tatu na jina likabadilishwa. Mumewe alifunga safari kumfuata mkewe na hakurudi kuchukua shamba alilopimiwa. Nimekwenda katika sehemu zote tatu, zaidi ya mara moja.

Mtu mmoja tu alinipa neno. Ni mzee aliyekuwa mpiga bendera kwenye stesheni moja kabla ya Ruvu, nami nilimpata miaka michache tu iliyopita. Anakumbuka mchana wa mvua, treni ya mizigo ikipunguza mwendo bila kusimama kabisa, na mlango wa behewa la gadi ukiwa wazi. Mlangoni alikuwa amekaa bibi mwembamba aliyefunga kaniki, amepakata mtoto mchanga aliyeviringishwa khanga. Mtoto alikuwa analia. Nilimuuliza juu ya mwanamke mwingine, kijana, aliyekuwa ndani. Akasema ndani kulikuwa na giza, aliona godoro na miguu ya mtu juu yake, na kabla hajatazama vizuri treni ilikuwa imeshika mwendo.